Draya (mashine ya kukausha nguo) umeitengeneza alafu umeme unasumbua: ukague kwa macho, upime kwa maltimita, upime ikiwa na umeme, au umwachie fundi?

Umebadilisha mkanda, au umeweka hita mpya, umefunga skrubu zote, umechomeka plagi, alafu mashine imekaa kimya. Au inazunguka vizuri tu ila hewa inayotoka ni ya baridi. Au mbaya zaidi, ukibonyeza kuwasha tu breka (ile swichi ya umeme wa nyumba inayojikata yenyewe) inaruka. Hapo kitu cha kwanza kinachomjia mtu kichwani ni kwamba kuna spea nyingine imekufa, basi anaanza kuagiza, leo taima, kesho bodi, keshokutwa mota, na hela inaisha huku mashine iko vilevile. Kama draya ilikuwa inawaka kabla hujaifungua na sasa haiwaki, au ilikuwa hairushi breka na sasa inarusha, mara nyingi shida iko palepale mkono wako ulipopita: waya umerudishwa sipo, waya umebanwa na bati, konekta imelegea, waya mmoja umesahaulika unaning'inia nyuma ya dramu.

Kwa hiyo swali la kujiuliza sio "spea gani imekufa" ila "nitafuteje". Njia ziko nne na watu hubishana sana ipi ni ya maana, wengine wanakwambia bila maltimita (kile kifaa cha kupimia umeme) unapoteza muda, wengine wanakwambia macho yanatosha, wengine wanataka upime mashine ikiwa inawaka kabisa. Zote zina kazi yake. Naziweka hapa pamoja ili uchague kulingana na dalili unayoiona na uwezo ulionao, na naongelea upande wa umeme tu, kama draya yako inatumia gesi na unasikia harufu ya gesi funga koki, fungua madirisha, usiguse swichi yoyote, mengine yote yasubiri.

Vya kuangalia kabla hujachagua

Kila njia nimeiangalia kwa mambo yaleyale. Inanasa kosa la aina gani, na kosa gani linaipita bila kuonekana. Hatari yake kwako. Inataka vifaa na ujuzi gani. Alafu inamfaa nani. Muda sijauweka peke yake kwa sababu unategemea zaidi ulichomoa waya wangapi kuliko njia unayotumia.

Na kuna masharti ambayo hayabadiliki, iwe umechagua njia ya kwanza, ya pili au hata ya nne. Chomoa plagi ukutani, usitegemee swichi ya mashine, kwa sababu swichi nyingi zinakata upande mmoja tu na upande mwingine unabaki na umeme. Kama mashine imeungwa moja kwa moja ukutani bila plagi, zima breka yake alafu uhakikishe kwa kupima: pima kwanza mahali unapojua umeme upo uone mita inasoma, kisha pima mashine, kisha rudi ulipoanzia upime tena, ili ujue mita haijafa katikati. Draya nyingi zina kapasita ya mota, kile kikopo chenye nyaya mbili, na kapasita inaweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa, kwa hiyo usiiguse kwa vidole kabla ya kuitoa chaji kupitia rezista (kifaa kidogo cha kupunguza umeme). Usiipige shoti kwa bisibisi.

1. Kukagua kwa macho, picha na mchoro

Inanasa nini. Inanasa makosa mengi ya mikono kuliko unavyodhani. Waya mbili zilizobadilishana nafasi, waya uliobanwa katikati ya bati la nyuma na fremu, waya unaogusa dramu na umeanza kuchubuka, konekta iliyoungua ikawa ya kahawia, waya uliolala juu ya boksi la hita ambapo plastiki yake itayeyuka mashine ikipata moto. Ukipiga picha kabla ya kufungua kazi inakuwa rahisi sana, unalinganisha waya kwa waya. Kama hukupiga picha usikate tamaa, draya nyingi zinakuja na mchoro wa nyaya, umekunjwa ndani ya paneli ya vitufe au umebandikwa nyuma ya bati la nyuma, watu wanauona wanadhani ni karatasi ya takataka wanautupa. Kaa nao chini, chukua kalamu ya rangi, anza upande wa laivu (waya unaoleta umeme) unapoingia, fuata hadi swichi ya mlango, fyuzi ya joto (inakatika joto likizidi), swichi ya kuwashia, mota, hadi urudi nyutro (waya wa kurudishia umeme), na kila unapofika kwenye kifaa inuka uangalie kama waya uliopo kweli ni huo unaoonyeshwa kwenye mchoro. Ile plagi ya mota ndo usiipite haraka, ina pini kadhaa zimekaribiana na nyaya za rangi zinazofanana, na waya mmoja ukikaa pini ya jirani mota inaunguruma bila kuzunguka, au inazunguka bila hita kupata umeme, kwa sababu kwenye draya nyingi umeme wa hita unapita kwenye swichi iliyo ndani ya mota ambayo inafunga pale tu mota inapozunguka.

Usiamini rangi peke yake. Nje kwenye kebo rangi zina maana, mfano kebo za Ulaya kahawia ni laivu, bluu ni nyutro, kijani na njano ni athi (waya wa usalama unaoenda ardhini), ila ndani ya mashine kila kiwanda kina utaratibu wake na aliyewahi kuifungua kabla yako naye anaweza kuwa aliweka waya wowote aliokuwa nao.

Ukiangalia, tumia na mkono pia. Shika kila konekta uliyoichomoa uivute kidogo. Inayobana vizuri inagoma. Inayoteleza kirahisi kama imepakwa mafuta, hiyo imepanuka, na ndo inayokuja kuungua. Piga hesabu uone: hita ya wati 5400 kwenye volti 240 inavuta ampea 22 na nusu, na konekta iliyolegea ikiwa na ukinzani wa omu 0.2 tu, ampea mara ampea mara ukinzani, unapata kama wati 100 za joto pale kwenye kakipande ka chuma kadogo kuliko ncha ya kidole. Hata hita ndogo ya wati 2500 kwenye volti 230, konekta hiyohiyo inatoa kama wati 24, na inatosha kupikia plastiki taratibu hadi iwe nyeusi. Kwa hiyo konekta iliyolegea usiibinyebinye ukaridhika, kata weka mpya ya saizi yake, ibane kwa plaizi ya konekta. Na usilehemu karibu na hita, risasi ya kawaida ya kulehemu yenye bati inayeyuka kwenye nyuzi 183 hivi na kiungo chako kikipata moto kinaachia. Na waya wa kuongezea pale usiwe ule wa kawaida wa kuvutia nyumba, mwingi umekadiriwa nyuzi 70 tu, tafuta wa kuhimili joto wenye ganda la silikoni au nyuzi za kioo.

Inakosa nini. Haioni kilichojificha. Fyuzi ya joto iliyokatika kwa nje inaonekana mpya kabisa. Waya uliokatika ndani ya ganda hauonekani. Koili ya hita inaweza kuwa na ufa uliojificha ndani ya kishikio cha udongo.

Hatari yake ni ndogo kuliko zote, ila kingo za bati zinakata kama wembe, vaa glavu.

Vifaa ni tochi, simu, bisibisi na mchoro. Inamfaa yeyote aliyeifungua mashine mwenyewe, hasa kama ulichomoa nyaya nyingi, na kwa maoni yangu hata kama utamwita fundi baadaye hii hatua usiiruke.

2. Maltimita, plagi ikiwa imechomolewa

Inanasa nini. Hapa unajibu maswali ambayo macho hayawezi: hii fyuzi inapitisha, hii hita imekatika, huu waya umefika mwisho, kuna kitu chenye umeme kinagusa bati la mashine? Ila ili mita ikwambie ukweli lazima uiulize vizuri. Gusanisha ncha zake mbili kwanza uone inasoma ngapi, nyaya za mita zenyewe huwa na ukinzani kidogo, hiyo namba unaitoa kwenye kila kipimo kidogo. Alafu kifaa unachopima kichomoe angalau waya mmoja, kwa sababu ukikiacha kimeungwa umeme wa mita unazunguka njia nyingine na unasoma namba ya vitu vingine vyote, unasema hita nzima kumbe umepima mota.

Hita usiisikilize, isome. Ile milio ya maltimita, bip bip, kwenye mita nyingi inalia kwa chochote kilicho chini ya omu 30 au 50 hivi, na hita za draya ziko humohumo, kwa hiyo itakulilia hita ikiwa nzima na itakulilia hita ikiwa shoti, mlio uleule. Weka kwenye omu upate namba. Namba inayotakiwa unaipata mwenyewe: volti mara volti gawanya kwa wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Hita ya wati 5400 kwenye 240 inatakiwa isome karibu omu 11. Ya wati 2500 kwenye 230 kama 21, ya wati 2000 kama 26. Ukipata iko karibukaribu hapo, sawa. Ukipata mita haisomi chochote, imekatika. Ukipata namba ndogo mno, koili zimegusana.

Kisha pima kutoka kila ncha ya hita kwenda kwenye boksi lake la chuma. Hapo mita isisome kitu kabisa. Ikisoma, hata omu chache, koili imelegea inagusa chuma, na hiyo ndo inayorusha breka, au kwenye mashine zinazotumia laini mbili (nyaya mbili za laivu) kama za Marekani inaweza kuifanya hita iendelee kuwa na moto hata ukisimamisha mashine, kwa sababu laini ya pili inaweza kubaki haijakatwa.

Fyuzi ya joto isome karibu na sifuri. Themostati za usalama, zile swichi zinazojikata joto likipanda, zikiwa baridi nazo karibu na sifuri. Kisoma joto ni tofauti, kwenye draya nyingi kinasoma kama omu 10,000 chumba kikiwa nyuzi 25, na ukikishika kwa vidole namba inashuka polepole, ukiona inashuka ujue kizima. Mlango nao, funga na fungua huku mita imeunganishwa kwenye swichi yake, isome alafu isisome.

Mwisho weka mita kati ya pini ya athi ya plagi na bati la mashine, mahali palipokwanguliwa rangi, itakiwe chini ya omu 1. Watu wanasahau kurudisha ule waya wa athi uliokuwa kwenye skrubu ya bati la nyuma, mashine inawaka vizuri tu na kila mtu anafurahi, hadi siku laivu ikigusa bati ndo bati zima linakuwa na umeme.

Kitu kimoja nakisema kwa msisitizo. Ukigundua fyuzi ya joto imekatika usiiunge kwa waya ili mashine iendelee kukausha wakati unasubiri mpya. Ilikatika kwa sababu joto lilipanda kupita kiasi, njia ya hewa imeziba na manyoya ya nguo au themostati imeganda, na ukiiondoa umeondoa kitu cha mwisho kilichokuwa kinazuia moto kwenye mashine iliyojaa nguo na manyoya makavu.

Inakosa nini. Mita inapima kwa umeme kidogo sana. Waya wenye nyuzi nyingi ukibaki na unyuzi mmoja tu haujakatika, mita itakusomea sifuri nzuri kabisa, alafu ukiweka ampea 20 unyuzi ule unakufa. Na haioni kosa linalotokea mashine ikishapata moto tu. Tikisatikisa nyaya huku unasoma, ukiona namba inaruka umeipata, ila sio zote zinanaswa hivo. Pia draya zenye bodi ya kielektroniki, rilei (swichi ndogo zinazofungwa na bodi yenyewe) zikiwa wazi mita haivuki, kwa hiyo unapima kipande kwa kipande.

Hatari ni ndogo ikiwa umechomoa kweli. Kosa kubwa ni kuweka mita kwenye omu alafu kupima kitu chenye umeme, mita inaweza kuungua mkononi mwako.

Vifaa: maltimita ya kawaida inatosha, na kama utawahi kuitumia kwenye umeme wa nyumba hakikisha imeandikwa CAT III (daraja la usalama la mita). Inamfaa anayeweza kusoma namba na kuziandika kwa utulivu, na hasa anayepata dalili ya "kimya kabisa" au "inazunguka haina joto".

3. Kupima mashine ikiwa na umeme

Inanasa nini. Kwanza inakwambia kama umeme unafika. Inashangaza watu wangapi wanafungua mashine mara ya tatu wakati shida iko kwenye soketi au breka. Draya za umeme za Marekani zinatumia volti 240 kutoka laini mbili, hita inachukua 240 nzima, mota inatumia 120 kutoka laini moja na nyutro. Laini moja ikipotea, labda breka ya mapacha imeruka upande mmoja, dramu inazunguka kama kawaida na taa inawaka ila joto hakuna, na hita yako mpya haina kosa lolote. Kwenye nchi za volti 230 hiyo dalili haiji hivo, umeme ukikosekana unakosekana wote.

Pili inanasa kosa linaloonekana kwenye mzigo tu, yaani mashine ikiwa inavuta umeme. Swichi iliyofunga vizuri ukipima pande zake mbili unapata karibu na volti sifuri, ukipata 230 au 240 ujue imefunguka, na ukipata volti kadhaa katikati ya konekta moja huku hita inafanya kazi, hiyo konekta ndo inakula umeme. Hili maltimita ya omu haikwambii.

Kuna namna ya kupima mzigo bila kugusa chuma kitupu, ile mita ya kubana inayozunguka waya. Ibane kwenye waya mmoja tu, sio kebo nzima maana laivu na nyutro zinafutana unasoma sifuri. Kama hita ni ya wati 5400 na unasoma ampea 22 hivi, hita inakula inavyotakiwa.

Inakosa nini. Inakwambia umeme umeishia wapi, haikwambii kwa nini. Na mita za dijitali zinadanganya kwenye waya usiounganishwa mwisho, zinasoma volti 40, 70, hewa tu, kwa sababu waya unaolala pembeni ya wenye umeme unachukua kidogo. Ile testa ya kalamu isiyogusa nayo ni hivohivo, nzuri kukuonya ila sio ya kuhukumia.

Hatari ni kubwa kuliko zote hapa. Hapa kosa moja la mkono linaua, na pia kuna mkanda na puli zinazozunguka zikisubiri mkono wa shati. Kama lazima, fanya hivi: plagi imechomolewa, weka ncha za mita kwa klipu zenye meno mahali unapotaka, toa mikono, chomeka, washa, soma ukiwa umesimama mbali, zima, chomoa, ndo uhamishe klipu. Usitafute ncha kwa ncha huku mashine iko na umeme.

Inamfaa mtu aliyezoea kupima umeme wa nyumba, mwenye mita nzuri, sakafu kavu na mtu mwingine nyumbani. Kama unasoma hapa na unajiuliza kama we ni huyo mtu, pima soketi tu kama unajua, au usipime kabisa, nenda njia ya nne.

4. Kumwita fundi

Inanasa nini. Fundi mzuri ana kitu ambacho wengi wetu hatuna, mega. Maltimita inapima kwa volti chache tu, mega inasukuma volti 500 kwenye ganda la nyaya na kuona kama linavuja, na hapo ndo breka inayoruka baada ya dakika ishirini na maltimita inasema kila kitu kizima inapata jibu. Mashine ikiwa nzima na kavu mega inasoma zaidi ya megaomu 1 (omu milioni moja), ikishuka chini ya hapo kuna kinachovuja. Pia draya za pampu ya joto zina mfumo wa gesi ya kupoza uliofungwa, nyingi za siku hizi zina R290 ambayo ni propani na inawaka, huo mfumo haufunguliwi na mtu asiye na kazi hiyo.

Inakosa nini. Hakuona mashine kabla hujaifungua. Usione aibu, mwambie ulichomoa nini, ulibadilisha nini, dalili ilikuwaje kabla na baada, mpe picha na spea za zamani, hilo linaokoa muda kuliko kitu chochote. Na kuna fundi anayebadilisha spea hadi ipatane, huyo ni yuleyule wewe wa kuagiza vitu, tofauti analipwa. Muulize, "umepima nini na umepata ngapi?" Anayepima atakujibu kwa namba bila kukasirika.

Hatari kwako hakuna, gharama ndo kubwa kuliko njia zingine. Inamfaa mwenye mashine iliyo kwenye waranti, na hapo iwe fundi aliyeidhinishwa na kiwanda, aliyepanga nyumba na draya ni ya mwenye nyumba, na yeyote ambaye dalili yake ni ya mtu kupigwa na umeme.

Sasa we uko wapi

Mashine kimya kabisa, hata taa haiwaki: anza na soketi, chomeka kitu kingine kinachofaa soketi ile uone. Umeme ukiwepo, macho kwanza, swichi ya mlango na konekta yake, alafu maltimita kwenye fyuzi ya joto na swichi ya mkanda. Swichi ya mkanda inasahauliwa sana na aliyebadilisha mkanda: mkanda usipopita kwenye roli yake vizuri swichi haifungi na mashine haiwaki.

Inazunguka ila baridi: kama ni ya laini mbili, zima breka kabisa uirudishe kwa nguvu, wengine wanamaliza hapo. Bado? Plagi ya mota kwa macho, kisha hita na themostati zake kwa omu. Kupima ikiwa na umeme kuje mwisho, na kwa aliyezoea.

Inaunguruma haizunguki: zima haraka, mota isiyozunguka inaungua ndani ya muda mfupi. Zungusha dramu kwa mkono. Ikiwa ngumu ni kitu cha mitambo, ikiwa laini rudi kwenye mpangilio wa nyaya za mota na kapasita kwa mchoro.

Breka inaruka palepale: usiirudisherudishe. Chomoa, tafuta waya uliobanwa na bati, hasa ule wa nyuma na ule unaopita chini ya dramu, kisha maltimita kati ya kila pini ya plagi (isipokuwa ya athi, na ya nyutro kwenye kebo ya Marekani ya nyaya tatu, hizo zinaungana na bati) na bati la mashine, mlango umefungwa na taima imewekwa kwenye joto. Ikisoma, chomoa hita kwanza upime tena, ikiacha kusoma ndo yenyewe.

Inaruka baada ya muda: macho kwa ajili ya waya unaolala kwenye hita na maji au unyevu kwenye konekta, usipoona kitu, fundi mwenye mega.

Umebadilisha kebo ya ukutani kwenye draya ya Marekani: hii naomba uitulie. Kule tangu 1996 nyumba mpya zinatakiwa soketi ya draya ya nyaya nne, zamani ilikuwa tatu, na ndani ya mashine kuna kipande cha chuma au waya unaounga nyutro na bati. Kebo ya nyaya tatu kile kipande kinabaki, kebo ya nyaya nne kinaondolewa na athi inaenda kwenye bati peke yake. Ukiacha kipande na kebo ya nne, umeme wa nyutro unapita kwenye bati. Ukiondoa kipande na kebo ya tatu, bati halina athi. Na kwenye kebo ya tatu ukiweka laini mahali pa nyutro pale katikati, bati zima linakuwa na volti 120. Hapa ni macho kwanza, kisha omu kabla ya kuchomeka, kati ya kila laini na bati, na kama hujui ipi ni ipi mwite fundi umeme kabla hujachomeka hata kidogo.

Ukigusa bati unasikia kuwashwawashwa, au umepigwa: zima breka, chomoa, usiguse bati na kitu kingine cha chuma kwa pamoja, waambie wote nyumbani wasiiwashe. Hapa usipime mwenyewe, mwite fundi akague mashine na soketi vyote viwili, kwa sababu athi inaweza kuwa imekosekana ukutani na sio ndani ya draya.

Harufu ya kuungua bila breka kuruka: usiimalizie ile mizunguko ya nguo zilizobaki. Chomoa, iache ipoe, fungua, na ufuate konekta moja moja kwa mkono na tochi, zile za hita na pale kebo inapoingilia, ukitafuta plastiki iliyobadilika rangi.